Nusu Iliyotangulia Kura

Gazeti la mchana liliingia Benki Kuu kwa mlango wa nyuma saa sita na dakika tano, siku ya Jumatano, kwapani mwa mlinzi aliyetoka kununua sigara. Habari za ukurasa wa kwanza hakuzigusa. Alitaka ukurasa wa nne, penye orodha ya bei, kwa sababu mkewe alimwagiza mafuta ya taa na muuza duka wa mtaani kwao ni mwongo wa kutupwa. Akateremsha kidole: sukari, chumvi, sabuni ya mche, mafuta ya taa. Chini ya mafuta ya taa, juu kidogo ya saruji, paliandikwa kwa herufi ndogo: Riba ya Benki Kuu, asilimia 13.5.

Mlinzi hakusomea uchumi. Lakini alijua jambo ambalo hata mfagizi wa jengo lile alilijua: watu watano walikuwa wamefungiwa ghorofa ya tatu tangu saa tatu asubuhi, simu zao zimo ndani ya sanduku la bati, wakibishana juu ya namba hiyo hiyo. Na mlango ulikuwa bado haujafunguliwa. Akapanda ngazi mbili mbili hadi kwa Mkuu wa Ulinzi.

Mkuu wa Ulinzi, mwanajeshi mstaafu, alisoma mstari ule mara tatu. Sheria ilikataza mtu yeyote kubisha ule mlango kabla kura haijapigwa, hata jengo liwake moto, na yeye ni mtu wa sheria. Kwa hiyo alifanya wanachofanya wakubwa wengi wasipojua la kufanya: alitafuta mtu mdogo. Saa sita na dakika kumi aliingia chumba cha chapa, akamwonyesha mpiga chapa ule mstari, akamwambia aondoe mikono kwenye mashine, akampeleka chumba cha walinzi na kufunga vyumba vyote viwili kwa ufunguo.

Kura ilipigwa saa sita na dakika ishirini. Saa sita na nusu mlango ukafunguliwa, Gavana akatangulia kushuka, akapita moja kwa moja hadi ukumbini walikokuwa wakisubiri waandishi wa habari. Saa sita na dakika thelathini na tano alisoma tangazo. Asilimia kumi na tatu na nusu. Mkuu wa Ulinzi alikuwa amesimama nyuma ya ukumbi na gazeti lake, akatoka palepale kwenda kuwapigia simu polisi.

Tusifichane, wapo watakaosema namba ni namba tu, kelele za nini. Wanaosema hivyo hawakuwepo zile siku Wizara ya Fedha ilipokuwa inapanga kila kitu, hadi bei ya kiberiti, na mishahara ikikosekana inaamuru noti zichapwe. Watu waliweka akiba ya kuezeka nyumba, wakaja kuitoa ikanunua misumari. Ndipo ikatungwa sheria mpya, miaka mitano iliyopita: riba itaamuliwa na Kamati ya watu watano, Gavana akiwa mwenyekiti, serikali isijue mapema kuliko wananchi, atakayetoa siri, miaka saba jela. Na Ijumaa ya wiki hiyo hiyo Bunge lilikuwa lipigie kura mswada wa kuirudisha Benki mikononi mwa Wizara. Waliotaka upite walikuwa wakitafuta sababu tu.

Inspekta wa makosa ya uchumi alifika saa saba na robo. Mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, daftari mkononi. Vijana wake kazini walimwita Bi Dakika, kwa sababu ukimwambia "asubuhi" anakuuliza asubuhi saa ngapi, na ukimtajia saa anataka na dakika zake. Jina alilijua, na wala hakulichukia.

Gavana alimpokea mlangoni pa ofisi yake. Mrefu, mpole, macho yameanza kuingia ukungu wa mtoto wa jicho. Alimtazama Inspekta kama anayesoma maandishi madogo.

"Karibu, mama. Ni aibu kubwa hii. Barua ya malalamiko iko tayari."

Ilikuwa tayari kweli. Ilimtaja mpiga chapa, sahihi ya Gavana chini, muhuri pembeni, saa saba kamili.

"Mbona mmeshamjua mkosaji?" Inspekta akauliza.

"Ndiye pekee anayechapa matangazo yetu. Na shemeji yake ni dereva wa Wizara ya Fedha." Gavana alisema hayo akiangalia dirishani. "Fanya kazi yako, mama. Kesho saa tatu atafikishwa kwa hakimu."

Mpiga chapa alikuwa ameketi kwenye benchi, miguu pamoja, mikono juu ya magoti. Umri kama miaka arobaini hivi. Kumi na tisa kati ya hiyo aliitumia katika chumba kimoja cha chapa. Nyumbani kwake alikuwa na mabinti wawili wa shule na mama mkwe aliyepooza upande mmoja, na jambo la kwanza alilouliza ni kama kuna aliyekwenda kumgeuza mama mkwe kitandani saa saba.

"Nitatuma mtu," Inspekta akasema, na akatuma kweli. Kisha akafungua daftari. "Ulitoa namba?"

"Sikuitoa."

"Kwa shemeji yako?"

"Shemeji tunakutana kwenye misiba na harusi, basi."

"Uliijua namba kabla ya kura?"

Mpiga chapa akaangalia sakafu.

"Dada, nisikilize. Ukisema hukuijua, kesi yako imekuwa nyepesi. Ukisema uliijua, nitajua nimuulize nani. Ukinyamaza, kesho saa tatu unakwenda kwa hakimu."

"Nimeapa, afande. Niliyoyaona ndani ya jengo hili siyasemi nje yake. Niliapa mbele ya mume wangu, akiwa hai."

"Hata kama ni miaka saba?"

"Mama yangu aliweka akiba miaka kumi na minne," akasema. "Siku aliyoitoa alinunua sabuni. Benki hii ikirudi Wizarani, yatarudi yale yale. Niulize mengine."

Inspekta alikaa naye dakika ishirini zaidi na hakupata hata neno la kuandika. Alitoka na kero. Wasio na hatia aliowazoea huropoka, hulia, hutaja majina ya majirani. Huyu alikuwa anaogopa kweli, na bado mdomo ameufunga. Mtu hajifungi hivyo kwa ajili ya kosa lake mwenyewe.

Saa nane alikuwa kwa Katibu wa Kamati, kijana nadhifu ambaye hata klipu za karatasi alizipanga kwa ukubwa.

"Nieleze mnavyofanya kazi. Taratibu, mimi si mchumi."

"Asubuhi ya kikao tunakuwa na matangazo matatu yaliyochapwa tayari," Katibu akasema. "Moja la kupandisha riba, moja la kushusha, moja la kuiacha ilivyo. Kura ikipita, tunachukua linalofaa, mengine yanachanwa. Hivyo waandishi hawasubiri."

"Kwa hiyo mpiga chapa aliyachapa yote matatu, na namba ilikuwamo."

"Hapana. Mahali pa namba panaachwa wazi. Namba naijaza mimi, kwa kalamu hii, baada ya kura, mbele ya wajumbe wote." Akaonyesha nakala rasmi. Kweli: 13.5, kwa wino mweusi, na saa pembeni.

"Na aliyosoma Gavana?"

"Gavana macho yanamsumbua, anasoma kwenye kadi. Zinachapwa kwa taipureta yenye herufi kubwa. Hizi hapa, sheria ya uwajibikaji inataka kila karatasi iliyosomwa hadharani iingie jaladani siku hiyo hiyo. Nimeziingiza saa saba kasorobo."

Kadi zilikuwa nne, herufi nene, safi, bila alama ya kalamu hata moja. Inspekta alizipitia, akazihesabu, akazirudisha. Kichwa chake wakati ule kilikuwa kwenye ile nafasi iliyoachwa wazi. Kama matangazo yalikuwa hayana namba, mtu angeweza kuyaiba yote matatu na bado asijue cha kuandika gazetini.

"Nani alitoka chumbani kabla ya kura?"

"Profesa. Saa nne na nusu, dakika kumi."

Profesa alikuwa mjumbe kutoka chuo kikuu, mzee mwenye ndevu za mvi na kaka anayeagiza ngano kwa meli. Mwenye kaka kama huyo angefaidika kujua riba mapema, na Mkuu wa Ulinzi alikuwa ameshamnong'oneza Inspekta jambo hilo mara mbili. Walikutana saa nane na nusu kwenye chumba chenyewe cha kikao: meza ya mviringo, viti vitano, ubao uliofutwa, na harufu ya watu waliokaa muda mrefu madirisha yamefungwa.

"Ulikwenda wapi saa nne na nusu?"

"Msalani."

"Dakika kumi?"

"Mwanangu, fikisha sabini kwanza ndipo unihesabie dakika za msalani." Kisha akaacha mzaha. "Mlinzi alinisindikiza hadi mlangoni. Muulize, alikuwa anapiga miluzi."

"Mlibishana nini humu ndani?"

"Nani alisema nini siwezi kukwambia. Kumbukumbu zetu haziandiki majina, ili mtu aseme analoamini bila kuogopa mkubwa yeyote. Hilo ndilo tulilolipigania. Ila naweza kukwambia hivi: tangu saa tatu hadi saa sita tulikuwa tumegawanyika makundi mawili. Kumi na tatu, au kumi na nne. Basi. Ile nusu ilizaliwa saa sita kamili, tumechoka, tuna njaa. Mmoja wetu akasema tukutane katikati."

"Kabla ya saa sita, hakuna aliyeitaja?"

"Hata kwa utani."

Inspekta akaandika, akapiga mstari chini yake. Gazeti lilikuwa mitaani saa tano na nusu. Lilichapa namba ambayo, kwa kauli ya mzee huyu, haikuwa imezaliwa. Alijisikia vibaya, kama mtu aliyeingia chumba na kukuta fanicha imepangwa juu ya dari. Si Profesa aliyeitoa saa nne na nusu, wala mjumbe mwingine yeyote chumbani. Huwezi kutoa usichonacho.

Saa tisa na robo aliketi mbele ya Mhariri, ambaye alianza kwa kuvimba. Chombo huru, siri ya chanzo cha habari, na kadhalika. Inspekta alimwacha amalize.

"Mhariri, hii ndiyo habari kubwa ya mwaka, sivyo?"

"Bila shaka."

"Mbona umeiweka ukurasa wa nne, chini ya mafuta ya taa?"

Akavuta leso akafuta shingo. "Afande, usinitangaze. Nilikuwa na habari ya mwaka mezani kwangu tangu saa tatu kasorobo na sikuiona. Ilikuja na orodha ya bei. Inakuja kila Jumatano tangu sijaota ndevu. Tunapanga herufi, tunachapa, hakuna anayeisoma."

"Inaletwa na nani?"

"Dereva wa Wizara ya Fedha." Na akamweleza alivyo: mrefu, ana pengo mbele.

Ndiye shemeji mwenyewe. Saa kumi kasoro dakika kumi alikuwa anamsubiri Inspekta nje ya lango la Wizara, kofia mkononi. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Bahasha nilipeleka mimi," akasema kabla hajaulizwa. "Sitakana. Napeleka kila Jumatano. Imegandishwa kwa gundi, sijui kilichomo, na kusoma kwenyewe nasoma kwa kubahatisha. Lakini shemeji yangu mwacheni. Yule ndiye anayemlisha mama yetu kwa kijiko. Kama mnataka mtu wa kufunga, nifungeni mimi."

"Sijaja kufunga watu kwa hiari yao. Bahasha anakupa nani?"

"Mzee wa Bei."

Mzee wa Bei alikuwa na chumba chini ya ngazi, kabati tatu za madaftari, na kikokotoo cha mkono ambacho hakikuwa na kazi tena. Zamani Wizara ilipopanga bei zote alikuwa na wasaidizi kumi na wanane. Siku hizi bei nyingi zilikuwa zinapangwa na soko, naye akabaki peke yake, anakusanya zilizobaki na kuzipeleka gazetini, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia aache. Alifurahi kuulizwa. Alitoa daftari la wiki ile na kulifungua kwa kidole kilicholoweshwa mate.

"Sukari, kutoka Idara ya Kilimo. Mafuta ya taa, Nishati. Riba, hii hapa, ofisi ya Waziri, saa mbili kamili asubuhi. Nimetia sahihi."

"Mzee, nani alikwambia utangaze riba?"

"Kwani riba si bei? Ni bei ya pesa." Alimtazama Inspekta kwa huruma, kama mwalimu. "Zamani zote zilipita hapa. Miaka hii ya karibuni hawaniletei, nikadhani wamesahau. Leo karatasi imekuja pamoja na nyingine kutoka juu, nikasema afadhali, utaratibu umerudi."

"Karatasi unayo?"

Alikuwa nayo, imetobolewa na kutungwa kwenye uzi kama nyingine zote. Kipande kidogo, namba moja tu: 13.5. Wino wa kijani.

"Huu wino?"

"Wa Waziri mwenyewe. Humu ndani kijani haandiki mwingine. Hata makatibu hawaruhusiwi." Mzee wa Bei akafunga daftari. "Nimekosea kitu, mama?"

Inspekta alimwambia hapana, na alimaanisha. Alisimama nje, kwenye ngazi za Wizara, jua linampiga usoni, na kwa mara ya kwanza siku ile aliogopa. Saa mbili asubuhi Waziri alikuwa na namba. Kikao kilianza saa tatu. Namba haikutajwa kikaoni hadi saa sita. Alijirudisha nyuma, karatasi kwa karatasi, zote alizoshika tangu saa saba, na alipofika kwenye zile kadi nne akasimama. Herufi nene, safi, bila alama ya kalamu. Akarudi Benki kwa haraka kiasi kwamba dereva wake aliuliza kama kuna mgonjwa.

Saa kumi na moja kasorobo walikuwa watano ofisini kwa Gavana: Gavana nyuma ya meza, Profesa kitini, Katibu amesimama na jalada, Inspekta, na mpiga chapa, ambaye Inspekta alimleta mwenyewe kwa mkono na kumketisha kabla Mkuu wa Ulinzi hajapata la kusema.

"Nitauliza machache," Inspekta akasema. "Katibu, kura ilipigwa saa ngapi?"

"Sita na dakika ishirini."

"Namba uliijaza kwenye kadi za Gavana?"

"Hapana. Nilijaza nakala rasmi tu. Kadi anakuja nazo mwenyewe."

"Zitoe. Soma ya pili."

Katibu akatoa kadi, akasoma hadi penye namba, akaigeuza wote waione. Namba ilikuwa imechapwa. Herufi kubwa, nene, mstari mmoja na maneno mengine, hakuna nafasi iliyoachwa.

"Taipureta ya herufi kubwa ni ngapi jengo hili?"

"Moja. Anayeitumia ni…" Katibu akamtazama mpiga chapa.

"Na saa sita na dakika kumi huyu alikuwa amefungiwa chumba cha walinzi, na chumba cha chapa kimefungwa. Ninao ushahidi wa Mkuu wa Ulinzi mwenyewe. Kura bado dakika kumi. Hakuna aliyeweza kuchapa namba hii baada ya kura. Ilichapwa kabla. Na kadi za Gavana hupelekwa kuchapwa na Gavana." Inspekta akageuka. "Mzee, uliipeleka saa ngapi?"

Gavana alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee zaidi, na amechoka.

"Mbili na dakika kumi," akasema.

"Mlangoni kwangu," mpiga chapa akasema kwa sauti ndogo. Ni neno la kwanza alilolitoa juu ya jambo hilo. "Uliniambia ni makadirio tu."

Profesa alikuwa ameshaelewa, na uso wake ulikuwa mbaya kutazama. "Tukutane katikati," akasema. "Ulisema umechoka. Hata jasho ulijipangusa."

"Nilikuwa nimechoka kweli."

"Ulimpa Waziri namba yetu kabla hatujaipata?"

"Hapana," Inspekta akasema, "na hapo ndipo nami nilikosea mchana kutwa. Nilikuwa natafuta aliyeitoa namba humu ndani. Nimeiona karatasi ya Waziri. Ni namba tupu, wino wake mwenyewe, na saa mbili kamili ilikuwa imeshashuka hadi kwa Mzee wa Bei, chini ya ngazi. Wewe, Mzee, uliifikisha kwenye taipureta saa mbili na dakika kumi. Haikutoka hapa kwenda kule."

Nje walisikia mfagizi akiburuta ndoo ukumbini.

"Alinipigia saa moja na nusu, nikiwa navaa," akasema hatimaye. "Alikisia mko karibu na kumi na nne. Akasema kumi na nne itamwangusha, wenye viwanda wameshamtisha. Nikifikisha kumi na tatu na nusu, Ijumaa anauondoa mswada. Nikikataa, wabunge anao wa kutosha. Nusu tu, alisema. Nikafikiri, nitoe nusu nibakize Benki nzima. Yule mzee wa bei hakuna aliyemkumbuka. Si mimi, si Waziri."

"Na huyu?" Inspekta akamwonyesha mpiga chapa.

"Mimi sikumkamata."

"Ulitia sahihi barua saa saba kamili. Ulijua hakufanya. Ulijua pia hatasema, kwa sababu ameapa, na kwa sababu anakuamini. Umemwacha kwenye benchi tangu saa saba ukimhesabia miaka saba."

"Nilihesabu mengi kuliko hayo." Sasa Gavana alisimama, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli, si wa kuigiza. "Ukiandika hayo, Ijumaa watasema: mnaona, Benki huru ni danganya toto, bora irudi kwetu. Watashinda. Noti zitachapwa. Una mama, Inspekta? Ana akiba? Mtu mmoja, kwa nchi nzima. Niambie wewe ungechagua nini."

Inspekta alikuwa na mama, na mama alikuwa na akiba, na miaka ile akiba hiyo iliyeyuka mbele ya macho yake. Alimchukia Gavana kwa kuuliza, na alijichukia kwa kutokuwa na jibu la haraka.

"Benki huru ulishaitoa saa moja na nusu, ukiwa unavaa," akasema. "Ninachoandika mimi ni saa tu."

Profesa akainuka kwa shida, akiegemea meza. "Kamati itakaa kesho saa tatu. Wajumbe wanne. Namba ya leo hatuitambui. Na wewe, ndugu yangu, sheria iliyokupa uhuru ndiyo hiyo hiyo inayokutaka ujibu mbele ya Bunge. Nenda Ijumaa ukaseme mwenyewe, usisubiri kusemewa."

Gavana alivuta barua ya malalamiko, akaichana vipande viwili, kisha akaviweka vipande hivyo mbele ya Katibu ili viingie jaladani. Mpiga chapa alikuwa analia bila sauti, na hakuna aliyejua amguse vipi.

Ijumaa Gavana alikwenda. Alisema yote, hata saa aliyopigiwa simu, kisha akajiuzulu. Waziri akasema ile ni simu ya kawaida ya ushauri. Alhamisi Kamati ya watu wanne ilikuwa imepandisha riba hadi kumi na nne, na wenye viwanda walikuwa wamejaa ukumbi wa Bunge.

Saa tisa alasiri mpiga chapa alifika kituoni kuchukua mkoba wake uliokuwa umeshikiliwa kama kielelezo. Inspekta alimletea mwenyewe, na kitabu cha kutia sahihi. Redio ya kaunta ilikuwa inasoma matokeo. Mswada wa kuirudisha Benki chini ya Wizara ulikuwa umepita kwa kura kumi na moja.

Kalamu ya mpiga chapa ilisimama juu ya karatasi.

"Kwa hiyo nimeiua mimi," akasema.

"Si wewe. Wewe ulinyamaza. Aliyesema ni mimi."

"Ndiyo maana nasema." Alitia sahihi, herufi zake zimesimama sawasawa kama zilizochapwa. "Niliijua namba tangu asubuhi. Mkuu wa Ulinzi aliponionyesha gazeti nilielewa kila kitu, palepale. Nikajiambia nikisema nitaivunja Benki. Nilidhani yeye na Benki ni kitu kimoja." Akavaa mkoba begani. "Afande, wewe unapenda dakika. Ningesema pale mlangoni, saa sita na dakika kumi, wale wanne wangekuwa bado hawajapiga kura, sivyo?"

Inspekta alikuwa amelihesabu hilo tangu Jumatano jioni, kila siku, na hesabu ilikuwa inatoka vilevile.

"Wasingekufungulia mlango," akasema.

Mpiga chapa alimtazama kidogo, akashukuru, akatoka kwenda kumgeuza mama mkwe.